Kutia Mafuta na Kupaka Mafuta

Tena, Nairobi
2 Februari 2025

Triza mwanangu,

Kama unasoma hii umesimama, tafuta mahali ukae. Mimi mama yako ni mzima, goti tu ndilo linauma kidogo, niliteleza bafuni. Barua yako ilifika kwa sanduku la posta la kanisa, na kwa vile simu zenu wamezifungia huko kambini kwenye mafunzo ya vijana mpaka Julai, niliisoma pale pale nje ya ofisi, kwa sauti, ili wenzangu wasikie mtoto wa Phelister anavyoandika. Jirani yetu Mama Shiru alikuwepo. Binti yake Eve yuko chuo kikuu, lakini barua yake mimi sijawahi kuiona hata moja.

Sasa ile kazi uliyonipa. Umeandika hivi, nanakili neno kwa neno: "Mama, usisahau baiskeli. Kila mwisho wa mwezi ipakwe mafuta, hasa nguzo ya kiti, isije ikashika." Kusema kweli nilishangaa. Najua unaipenda, uliishinda kwa miguu yako mwenyewe kwenye zile mbio za Umoja, na hapa Tena hakuna msichana mwingine mwenye kikombe na baiskeli. Lakini sikujua imani yako imekua hivyo. Nikafurahi. Leo nimeiosha ikang'aa, nimeitandikia kile kitambaa cheupe nilichofuma, nimeisukuma mpaka kanisani. Pasta Opicho aliuliza mara mbili kama ni baiskeli ndiyo inaletwa mbele. Nikamwambia ndiyo, ni ombi la Triza, na kiti hasa. Akachukua mafuta ya zeituni, akapaka usukani, akapaka nguzo ya kiti, akaomba adui asiishike. Kanisa zima likasema amina. Mama Shiru pia, ingawa kwa sauti ndogo.

Naiosha kila Jumanne na Jumamosi, kwa sabuni ya unga na maji mengi. Wewe fanya mazoezi tu.

Mama yako anayejivunia wewe,
Phelister


Kambini, Gilgil
15 Februari 2025

Mama,

Nilisoma barua yako kwenye foleni ya chakula, nikashika kichwa, mpaka afande akaniuliza ni nani amefariki.

Grisi, Mama. Nilimaanisha grisi. Ile nzito ya kahawia. Fundi Matheka anayo mkebe mzima pale kibandani kwake. Nguzo ya kiti ni kile chuma kirefu kinachobeba kiti na kuingia ndani ya fremu. Yangu ni aluminiamu, fremu ni chuma. Ukiviacha pamoja bila kuvigusa, halafu maji yaingie, vinaoana. Nguzo haitoki tena, haipandi, haishuki. Ndiyo maana kila mwezi unalegeza ile nati, unaichomoa yote, unaifuta kwa kitambaa kikavu, unapaka grisi kidogo, unairudisha. Ni dakika kumi. Haihitaji kanisa.

Na tafadhali acha kuiosha mara mbili kwa wiki. Maji ndiyo hayo yanayoingia. Vumbi lifute kwa kitambaa.

Ukiirudisha nguzo, ule utepe mwekundu nilioufunga uwe unaonekana juu tu ya fremu. Hicho ndicho kimo changu. Kisibadilishwe.

Mwanao,
Triza


Tena
1 Machi 2025

Triza,

Umenipandishia sauti bure, na mimi sitanyamaza kwa sababu niko kwenye haki. Nimeshona nguo miaka ishirini na sita. Nusu ya watoto wa Umoja wamesoma wakiwa wamevaa mkono wangu. Cherehani hutiwa mafuta. Mlango hutiwa mafuta. Mkasi hutiwa mafuta. Wanaopakwa mafuta ni mfalme, mgonjwa na mtoto mchanga. Niliishia darasa la saba, lakini hilo nalijua. Ungeandika "itiwe mafuta" ningeitia siku hiyo hiyo, maana chupa ya mafuta ya cherehani iko hapa kwenye mkono wangu wa kulia. Kwa hivyo kosa ni la mwandishi, na mwandishi alipata B ya Kiswahili, nilitangaza mwenyewe.

Pasta Opicho naye ameuliza kama baiskeli inaendelea vizuri. Nimjibu nini? Kwamba alipaka vibaya?

Jumanne nimeacha. Jumamosi siwezi, ndiyo siku watu hupita wakaiona.

Kuhusu utepe mwekundu usiwe na hofu. Haujabanduka. Umejisitiri vizuri kabisa, hata vumbi haliufikii.

Ule vizuri. Umekonda ama bado?

Mama yako


Kambini, Gilgil
14 Machi 2025

Mama,

Grisi hupakwa. Uliza fundi yeyote. Lakini tuyaache hayo, nina jambo kubwa.

Kambi inaunda timu ya baiskeli. Wanataka wasichana wanne. Hao wanne hawatarudi nyumbani Julai, wataandikwa kazi hapa hapa, wakimbie mbio na walipwe mshahara kama watu. Sisi wengine tutapewa cheti na kuonyeshwa geti. Unajua nilikaa miaka miwili hapo Tena na cheti cha kwanza. Sitaki cha pili.

Mchujo ni Jumamosi tarehe 10 Mei. Baiskeli za kambi ni ndogo, magoti yangu yanagonga usukani. Nimeruhusiwa kuleta yangu. Ifike kabla ya siku hiyo, na iwe tayari.

Nimechoka kutaja kipande kimoja kimoja na kubishana juu ya kila kimoja, kwa hivyo naweka sheria moja tu. Paka grisi kila mahali vitu viwili vinapogusana. Nguzo ya kiti, pedeli zinapoingia, shingo ya usukani, kila mahali. Usiache hata mahali pamoja.

Halafu hii ya utepe "kujisitiri" sijaielewa. Utepe haujisitiri. Hesabu: kuna vidole vingapi kati ya utepe na fremu? Nijibu kwa namba.

Triza


Tena
24 Machi 2025

Mwanangu wa timu,

Tena yote inajua. Umoja wanajua. Mteja wa Muthurwa aliyekuja kupimwa sketi amerudi na habari huko. Mama Shiru aliniuliza, "Na wameshamchagua?" Nikamwambia, "Mama Shiru, kwani kuna mwingine wa kuchaguliwa?" Akanywa chai yangu akaenda zake.

Nimekushonea suruali mbili za mazoezi, za kitambaa kinachovutika.

Umeuliza vidole. Vidole vya nani, vyangu au vyako? Vyako ni virefu, hesabu haitalingana. Nitampelekea Matheka, yeye ana futi.

Mama yako


Umoja, kwa Matheka wa baiskeli
2 Aprili 2025

Kwa Triza,

Pole na mazoezi. Mama yako ameniletea baiskeli, akaniambia nichomoe kiti, nipake grisi, na nisikuambie kitu. Hilo la tatu limenishinda, kwa sababu kazi ikiharibika litatajwa jina langu, si lake. Anwani nimeipata kwa bahasha yako aliyoisahau hapa mezani.

Kiti kimeshushwa mpaka mwisho. Utepe wako uko ndani ya fremu, sijauona, naamini tu kuwa upo. Nguzo imeshika. Nimejaribu kwa mikono, haisogei hata unywele. Nyundo sijatumia na sitatumia. Nimeigeuza magurudumu juu na natia mafuta ya kulegeza kutu kutoka chini, kila asubuhi, yanyonywe polepole. Ikikubali, ni wiki tatu, nne. Ikikataa ni msumeno, na nikishika msumeno siahidi kuwa fremu itapona.

Hii ingekuwa imechomolewa mara moja tu tangu Januari, singekuwa naandika.

Nani aliyeshusha, mwulize mama. Mimi nimeona tu tairi ya nyuma imelika, na wewe mtaani haupo.

Ni mimi,
Matheka


Kambini, Gilgil
9 Aprili 2025

Mama,

Nani anaendesha baiskeli yangu?

Nilikuachia kitu kimoja. Sikukuomba chakula wala nauli. Nilikuachia kitu kimoja na nikakuandikia namna ya kukitunza, mara tatu, na kila mara ukanijibu habari za kanisa na za jirani. Umempa mtu. Umempa, akashusha kiti akaizungusha mtaa mzima, nawe ukawa unaiosha Jumamosi isijulikane.

Umebaki mwezi mmoja. Kama ni msumeno, sina baiskeli. Kama sina baiskeli, Julai unanipokea hapo mlangoni na cheti changu cha pili, na wote uliowatangazia watakuwa wamesimama wakitazama.

Usiniandikie juu ya Mama Shiru. Usiniandikie juu ya suruali. Niandikie jina moja tu.

Triza


Tena
16 Aprili 2025

Triza,

Jina ni langu.

Sikumpa mtu. Ni mimi nilikuwa naiendesha. Sasa umejua, na kama unataka kucheka, cheka kwanza kisha usome.

Kwetu Kabras tulikuwa na baiskeli moja, ya baba yangu, yaani babu yako. Ndugu zangu watatu walijifunzia hapo. Mimi nilikuwa naishika isianguke ili wao wapande. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa na niliifanya vizuri, hakuna aliyeanguka mkononi mwangu. Lakini mimi mwenyewe sikuwahi kuikalia. Msichana akionekana juu ya baiskeli, mama yangu alikuwa analia kama aliyefiwa.

Januari, wiki mbili baada ya wewe kwenda, nilikuwa naifuta, nikaona hakuna mtu, nikaipanda nikiwa nimeshika ukuta. Basi. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda nikawa naenda uwanja wa mpira, nimevaa suruali yako ya zamani chini ya rinda. Miguu haikufika chini, kwa hivyo nilishusha kiti kwa spana yako. Nilijiambia ni siku mbili. Bafuni sikuteleza. Mwezi wa pili ulipoisha nilikuwa naweza kuzunguka uwanja mara nne bila kuweka mguu chini, nikikunja kona vizuri kabisa, na sikumwambia mtu yeyote. Mimi, Triza, ambaye hata nikipata mchicha wa bei nafuu lazima mtaa ujue.

Uliponiambia kuhusu utepe nilienda kukipandisha kiti kikakataa. Nikavuta mpaka mgongo ukalia. Nikasema nikinyamaza labda kitalegea chenyewe. Kila barua yako ikifika nilitaka kukuambia, na kila nikishika kalamu inaanza yenyewe na Mama Shiru.

Ulisema maji, nikaosha. Ulisema dakika kumi kwa mwezi. Nilikuwa na asubuhi nzima kila siku na sikuzitoa hizo dakika kumi. Naona aibu, na unajua mimi aibu si kitu changu.

Naenda kwa Matheka kila siku. Ameninyima msumeno hata kuushika.

Mama


Tena
2 Mei 2025

Triza,

Imetoka.

Tunza barua hii, kwa maana Matheka atakusimulia kivyake na atajipa sifa ambazo si zake. Jana asubuhi aliondoa kiti, akakamata ile nguzo kwa vaisi yake, ule mdomo wa chuma uliofungwa mezani unaong'ata kitu kisisogee. Akasema sasa hatuvuti, tunazungusha fremu yenyewe. Akazungusha, ikakataa. Akamwita jirani yake Mumin wa viatu, wakazungusha wawili, ikakataa. Matheka akakaa chini akautazama msumeno. Nikamwambia, "Ondokeni hapo, nyinyi mmewahi kusonga ugali wa watu arobaini?" Nikashika usukani mkono huu, na nyuma mkono huu, nikaegemea kama ninavyoegemea mwiko. Ikalia kama mbuzi. Ikasogea upana wa kucha. Mumin akasema tena, mama, tena. Tukaenda hivyo kucha kwa kucha, huku Matheka akitia mafuta, mpaka saa sita. Ilipotoka ilikuwa na unga mweupe mwilini kote, kama mtu aliyelala jikoni. Nikakaa juu ya tairi nikalia, na Matheka akajifanya anatafuta spana.

Utepe wako uliharibika kwa mafuta. Lakini mimi ni fundi wa nguo. Mguu wako uko kwenye daftari langu, mshono wa ndani, inchi thelathini na nne na nusu. Tumepima kutoka kwenye pedeli ikiwa chini, tukarudisha kiti hapo, tukafunga utepe mpya. Mweusi, mwekundu ulikuwa umeisha.

Kisha Matheka alipoenda kula, nilichukua mkebe wa grisi nikatimiza sheria yako mwenyewe bila kumsumbua. Kila mahali vitu viwili vinapogusana. Sikuacha hata mahali pamoja. Safari hii hutapata neno la kulalamika.

Nimeipeleka kwa gari la mizigo, imefungwa kwa magunia, na suruali mbili ndani.

Mama


Kambini, Gilgil
12 Mei 2025

Mama,

Baiskeli ilizuiliwa getini mpaka asubuhi ya mchujo. Niliipata dakika ishirini kabla ya kuanza, nikapanda nikaenda mstarini. Kiti kilikuwa sawasawa. Sikugusa kitu. Nataka ulijue hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Raba za breki na rimu zinagusana. Hilo ni kweli, na mimi ndiye niliyeandika "kila mahali". Lakini hizo zinafaa kushikana, Mama. Hiyo ndiyo kazi yao pekee duniani.

Kwenye kupanda nilikuwa wa saba. Kisha tukafika juu, na nyuma ya kambi kuna mteremko wa kilomita mbili wenye kona tatu. Nikabana breki, mkono ukaingia mpaka mwisho kama nabana mkate. Wenzangu wote walikuwa wanapunguza mwendo. Mimi nilikuwa nawapita. Niliwapita wanne huku nimefumba jicho moja. Kona ya mwisho nilipita kwenye majani. Nikasimama kwenye ua wa mifugo wa kambi, baada ya mstari, na mbuzi mmoja yuko mzima, usiulize.

Nilikuwa wa tatu. Nimechaguliwa.

Kocha alikuja mbio akaniambia hajawahi kuona msichana anayeteremka hivyo bila kugusa breki. Akauliza nimejifunzia wapi moyo huo. Watu walikuwa wengi, Mama, na wote wananitazama. Nikasema, "Nimezoea."

Rimu nimezisugua kwa sabuni, raba nimebadilisha, breki zinashika. Na tangu jana kila nikiteremka, nabana. Nikiwa na breki mimi ni mwoga kama watu wengine. Sasa Juni kuna mbio za kuteremka bondeni, kilomita kumi na moja, na kocha amenipanga mbele, wenzangu watatu wafuate gurudumu langu. Amewaambia wasiguse breki mpaka Triza aguse.

Sijui nifanye nini. Usimwambie mtu.

Triza


Tena
19 Mei 2025

Triza,

Umechelewa. Barua ilifika Ijumaa, na nilianza kuisoma kwa sauti nje ya ofisi kama kawaida. Nilifika kwenye "nimechaguliwa" watu wakapiga makofi, nikafika kwa kocha nikaongeza sauti, kisha nikaona mistari iliyofuata nikaikunja karatasi nikasema macho yananiuma. Kwa hivyo hapa mtaani wewe ni msichana asiyegusa breki, na mimi natembea na uongo wako mfukoni.

Nimekaa nao siku tatu. Sikulala vizuri.

Sikiliza. Kisa cha grisi ni changu. Sheria ni yako, lakini mkono uliopaka ni huu, na fundi alikuwa umbali wa kuita tu, sikumwita kwa sababu nilitaka iwe kazi yangu. Hilo nimelibeba. Lakini "nimezoea" ni lako. Na hao wasichana watatu watakaofuata gurudumu lako wana mama zao, Triza, wanaofungua barua kama mimi.

Nenda kwa kocha leo, kabla ya chakula. Usianze na hadithi ndefu. Mwambie breki ulizibana, grisi ikazizuia kushika. Mwambie kiti kilikuwa sawa, na kwenye kupanda ulikuwa wa saba kwa haki, na kwamba utafanya mazoezi ya kuteremka kama mtu yeyote anayetaka kurudi nyumbani. Akikutoa kwenye timu, utakuja hapa na cheti chako, nami nitakupokea mlangoni mchana kweupe, watazame wanaotaka kutazama.

Na akiuliza ni nani aliyepaka grisi kwenye breki, usiseme ni jirani, usiseme ni fundi. Taja jina lote: Phelister Nekesa Luseno, fundi wa nguo, Tena, mama yake Triza. Akitaka kufoka, anifokee mimi. Nitakuwa hapo getini Jumapili ya wageni.

Mama yako